Jogoo la Shamba Mjini Mwanza

Waswahili wana methali isemayo kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Maana yake inajulikana: aliye mkubwa kwao huwa mdogo ugenini. Lakini mimi nimeishi Mwanza zaidi ya miaka arobaini, na naweza kushuhudia kwamba tukiichukua methali hii kwa maneno yake matupu, si ya kweli. Jogoo la shamba linawika mjini, tena linawika saa tisa za usiku, na katika mji huu wenye milima ya mawe, sauti yake inagonga jabali moja na kurudishwa na jingine mpaka mtu adhani wako majogoo kumi. Kinachobadilika mjini si jogoo, bali ni masikio ya wasikiao. Shambani sauti yake ni saa. Mjini sauti hiyohiyo ni kesi. Ningependa kueleza, kwa kadiri ya ninavyoelewa, jinsi saa ilivyogeuka kuwa kesi katika pwani hii ya ziwa, na ni nani aliyepata usingizi na nani aliyeukosa.

Kabla ya kuwapo mji, sauti za wanyama zilikuwa habari. Mwezi Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alipofika upande huu na kuliita ziwa kwa jina la malkia wake, aliwakuta watu ambao tayari walikuwa wakiishi kwa kusikiliza. Katika kaya ya Kisukuma, iliyozungushiwa ua wa minyaa, zizi la ng'ombe lilikuwa katikati na nyumba kulizunguka. Ng'ombe akilia vibaya usiku, mwenye kaya alijua kuna fisi au mwizi. Mbwa akibweka, jirani aliinua kichwa. Asiponyamaza, jirani alishika upinde. Baada ya mbwa ilifuata sauti ya binadamu, ule ukelele wa hatari ambao Wasukuma huuita mwano, na kila aliyeusikia alipaswa kutoka. Jogoo la kwanza lilimwamsha msafiri na mvuvi, la pili lilimwamsha mama wa nyumba. Nani angemshtaki jogoo mahali ambapo hakuna saa ya ukutani?

Lakini tusiipambe mno zamani hiyo. Si kila sauti ilisomwa kwa wema. Bundi akilia juu ya paa, watu walinong'ona kwamba kuna msiba unakuja. Fisi akipita karibu na kaya, walikuwapo walioamini kwamba yuko mchawi aliyempanda mgongoni. Sauti ya mnyama iliweza kumlinda mtu, na iliweza pia kumponza. Neno hili nitalirudia, kwa kuwa limegharimu maisha ya watu.

Wajerumani walianzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892. Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 walitunga sheria ya miji midogo ya Tanganyika, na chini yake zikatoka kanuni zilizogusa mambo ya kila siku: taka, vyoo, wanyama, na ngoma za usiku ambazo zilihitaji kibali. Wakubwa wa serikali walikaa Capri Point na kwenye kilima cha Isamilo, kwenye upepo wa ziwa na nafasi kubwa baina ya nyumba na nyumba. Wenyeji na wahamiaji walikaa kwingineko, wamebanana. Afya ndiyo sababu iliyotajwa mara nyingi kuhalalisha mpango kama huo katika miji ya Tanganyika, lakini matokeo yake yalikuwa pia ya masikio. Aliyekaa mlimani alipata utulivu kwa kupewa umbali. Aliyekaa bondeni aliambiwa autafute utulivu kwa kufuata kanuni.

Sheria ya makosa ya jinai, ambayo sisi tunaijua kama Sura ya 16, ilianza kutumika mwaka 1945 na ingali ikitumika, pamoja na marekebisho yake. Ndani yake kuna kifungu kinachomtia hatiani mtu anayepiga kelele kubwa, kwa biashara au kwa jambo jingine, mahali na katika hali ya kuwaudhi watu wengi. Naomba msomaji ayaangalie maneno hayo mawili, "watu wengi". Kifungu kile hakimlindi mtu mmoja aliyekosa usingizi, kinaulinda umma. Mtu mmoja akiamshwa na mbwa wa jirani, mbele ya kifungu kile yeye si umma. Itambidi aende kwingine: kwa madai ya kawaida mahakamani, ambayo yanataka fedha na muda, au kwa wazee.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ikapita hapa kwa wingi, na watu wakafuata pamba. Hata hivyo sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 35,000 tu. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1978, walikuwa wamepita 110,000. Mji uliongezeka mara tatu katika muda ambao mtoto anamaliza shule ya msingi na kuanza kuota ndevu. Viwanja vilivyopimwa havikutosha, basi watu wakapanda kwenye mawe. Nyumba ilijengwa palipopatikana nafasi baina ya jabali na jabali, na ukuta wa fulani ukawa ndio uzio wa mwenzake.

Watu hawakupanda na vitanda tu. Miaka ya 1970 serikali yenyewe ilihimiza kila mtu alime. Kulikuwa na azimio la Siasa ni Kilimo la mwaka 1972, kisha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona baada ya njaa ya 1974. Miaka ya 1980 mishahara ikapoteza thamani kiasi kwamba karani na mwalimu hawakuweza kufikisha mwezi. Kuku wa mayai, nguruwe, na ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba vikawa mshahara wa pili, na kwa wengi ndivyo vilivyokuwa mshahara wa kwanza. Hata wakubwa walifuga. Kwa hiyo bwana afya aliyetumwa kuwakataza wananchi kufuga aliweza kukuta banda la kuku nyumbani kwa mkubwa wake.

Sheria ya serikali za mitaa za miji ya mwaka 1982 ilizirudishia halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mijini, zikaruhusu shamba la mjini lisilozidi ekari tatu, na mifugo ilishwe bandani badala ya kuzurura. Ndivyo ukweli ulivyokubaliwa kwa maandishi: mji umekuwa na mifugo na hauwezi kuishi bila mifugo. Kilichobaki ni swali la jirani. Banda likae umbali gani na dirisha la mwenzako, wakati baina ya nyumba mbili hakuna umbali wowote?

Hapo ndipo ziwa nalo lilipoleta jambo ambalo hakuna kanuni iliyolifikiria. Kanuni zote za kelele, za zamani na za sasa, zinachukulia kwamba usiku ni wa kulala na mchana ni wa kazi. Lakini pwani ya Ziwa Victoria ina watu wengi ambao kwao usiku ndio mchana. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani giza linapotanda na kuwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, ili dagaa waufuate mwanga. Hupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi huishinda taa. Siku nyingine hurudi alfajiri na kulala jua likiwa juu. Kisha, miaka ya 1990, vikaja viwanda vya minofu ya sangara, na zamu za usiku. Maelfu ya vijana wa Mwanza wakaanza kurudi nyumbani asubuhi, saa ambayo kuku anataga na kutetea, watoto wanachokoza mbwa, na mbuzi wanalilia majani.

Kesi ninayoikumbuka zaidi ni ya mwishoni mwa 1998, katika mtaa wetu wa mlimani. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee walioitwa na mjumbe wa nyumba kumi kusikiliza. Mlalamikaji alikuwa kijana wa kiwandani, aliyefanya kazi ya kukata minofu. Mlalamikiwa alikuwa bibi mjane, mwenye mbwa watatu, kuku sita na majogoo mawili. Majina yao nayaacha.

Kijana alionyesha mkono wake wa kushoto, wenye vidole viwili vilivyoshonwa. Alisema kisu cha minofu hakina huruma kwa mtu mwenye usingizi. Mwanzoni mwa mwaka ule Umoja wa Ulaya ulikuwa umezuia samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa sababu ya kipindupindu, na viwandani wengi walikuwa wamesimamishwa. Kazi ilikuwa imerudi, lakini kila mtu alijua kwamba wa kwanza kupunguzwa ni anayesinzia. "Mayu," alimwambia bibi kwa heshima ya kwao, "mimi sina ugomvi na wewe. Ila nikilala, mbwa wako wanabweka. Wakinyamaza, majogoo yanaanza."

Bibi alisikiliza akiwa ametazama chini. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wazee wengi waliopika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote. Kila mmoja wetu pale alijua macho mekundu yamemaanisha nini katika vijiji vya Mwanza na Shinyanga. Kuanzia miaka ya 1970 na kwa miongo iliyofuata, vikongwe wengi, wengi wao wanawake, waliuawa kwa mapanga usiku kwa kushukiwa uchawi. Mara nyingine ushahidi wote ulikuwa mtoto aliyefariki, bundi aliyelia, na jirani mwenye tamaa ya shamba. Bibi yule alikuwa amekuja mjini baada ya mke mwenzie kuuawa hivyo. "Mbwa hawa ndio mlango wangu," alisema. "Mlango wa mbao unavunjwa."

Wiki mbili kabla ya kikao, mtu fulani alikuwa ametupa nyama yenye sumu uani kwake. Mbwa wa nne alikufa. Mjumbe hakuuliza ni nani, na mimi hadi leo sijui. Lakini tuliogopa, kwa sababu nyama ile ilikuwa imetupwa mahali wanapocheza watoto.

Baadhi ya wazee walitaka shauri lipelekwe baraza la kata, lililoanzishwa kwa sheria ya 1985. Wengine wakasema aitwe bwana afya ahesabu mifugo. Mjumbe, ambaye hakuwa na elimu kubwa, akawauliza wote wawili swali moja: "Unalala saa ngapi?" Kijana akajibu: tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane. Bibi akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba usiku halali. Hukaa kitandani akisikiliza mbwa. Jua likitoka na watu wakianza kupita njiani, hapo ndipo hulala.

Nakumbuka ukimya uliofuata. Watu wawili walioshtakiana kwa kukoseshana usingizi walikuwa wanalala saa zilezile, ukuta kwa ukuta, na wote wawili walikuwa wakiamshwa na mbwa walewale. Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda upesi. Asubuhi mbwa watafungwa nyuma ya jabali, mbali na njia ya watoto wa shule wanaowatupia mawe, na usiku watafunguliwa. Jogoo moja litauzwa. Lililobaki litafunikwa kwa tenga ndani ya stoo yenye giza. Kijana naye, akirudi kutoka zamu, atapiga mluzi aliozoea ili mbwa wamjue, na akisikia mbwa wanabweka usiku wake wa mapumziko, hatawatukana, atatoka kutazama.

Suluhu hiyo haikuwa kamili. Jogoo gizani halikunyamaza, lilipunguza tu. Baadaye nilisoma sababu yake. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani, Shimmura na Yoshimura, walionyesha kwamba jogoo lina saa ndani ya mwili wake, na linaweza kuwika wakati wake hata likiwekwa mahali pasipo na mwanga wa alfajiri. Kijana alilalamika tena mara mbili tatu, kisha akapanga chumba kwingine. Lakini sumu haikutupwa tena. Bibi aliishi miaka sita zaidi na akafariki kwa maradhi, kitandani kwake. Kwa mwanamke wa umri wake, aliyetoka alikotoka, hilo halikuwa jambo dogo.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya watu maskini waliobanana juu ya mawe. Nchini Ufaransa, katika kisiwa cha Oléron, jogoo aliyeitwa Maurice alishtakiwa na majirani waliokuwa na nyumba ya mapumziko karibu naye. Mwezi Septemba 2019 mahakama iliamua kwamba aendelee kuwika. Januari 2021 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzilinda sauti na harufu za mashambani kama sehemu ya urithi wa taifa. Walifanya vema kwa upande wao. Ila nikijiuliza sheria kama hiyo ingefanya nini mtaani kwetu mwaka 1998, naona ingempa bibi ushindi na kumwacha kijana na kisu chake. Na sheria iliyo kinyume chake ingempa kijana usingizi na kumwacha bibi bila mlango.

Siku hizi Tanzania ina sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kelele sasa hupimwa kwa chombo, na kiwango cha usiku ni kikali kuliko cha mchana. Naziunga mkono kanuni hizo. Baa yenye spika tano haiwezi kusuluhishwa kwa swali la mjumbe, kwa maana mwenye baa anajua vizuri majirani wanalala saa ngapi na hajali. Mwenye kelele ya makusudi na faida anastahili chombo, faini na kufuli. Lakini chombo kile kikiwekwa mbele ya mbwa anayebweka kitatoa tarakimu tu. Hakitasema kama mbwa anabwekea kivuli au mtu mwenye panga.

Sensa ya 2022 ilikuta wilaya za Nyamagana na Ilemela, ambazo ndizo jiji letu, zimepita watu milioni moja. Mawe hayajaongezeka. Wengi wanajenga kuta ndefu, na nyuma ya kila ukuta kuna mbwa; mmoja akianza, mlima mzima unapokea. Kuna methali nyingine isemayo kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni shauri zuri kwa ng'ombe, ambaye akishakunywa huondoka. Sisi hatuondoki. Tutaamka kesho tukiwa majirani walewale, na wengine wetu ndio kwanza tutakuwa tunapanda kitandani. Kwa hiyo, kabla hujaandika barua kwa mtendaji, na kabla hujafikiria jambo baya zaidi kuliko barua, piga hodi mchana, useme shikamoo kama aliye ndani ni mkubwa wako, na uulize analala saa ngapi. Kama hatafungua upesi, usikasirike. Huenda ndio kwanza amesinzia.